Mdiria wa Minaki



Jumamosi iliyopita tulitoka Kibaha saa kumi na moja alfajiri, wana-VIWAWA kumi na wanane ndani ya Coaster, kwenda kutazama ndege kutwa nzima katika msitu wa Pugu-Kazimzumbwi, Kisarawe. Nilikuwa nimeandaa tafakari juu ya Mathayo 6:26. Kurasa nne! (Ndiyo, falsafa hutuharibu kidogo.)

Tulipofika ukingoni mwa ziwa Minaki, yangeyange wakiwa wametulia majini, nikaanza: ndege hawana shamba wala ghala, na Baba anawalisha. Kijana mmoja akanikatisha kwa upole.

"Frateri, samahani. Mwaka wa tatu huu natembea na bahasha ya vyeti. Hilo neno kila mtu ananiambia. Mbona linaniuma?"

Sikuwa na jibu. Tukakaa kwenye majani.

Mbele yetu mdiria, yule mwenye madoa meusi na meupe, alikuwa anaelea hewani. Akajitupa majini, akatoka mtupu. Tena, mtupu. Tukahesabu mara sita. Ya saba akatoka na kasamaki kadogo kweli.

"Kumbe naye anahangaika," akasema yule kijana.

Aisee. Kitenzi cha Kigiriki alichotumia Mathayo, *emblepsate*, si kutupia jicho tu, ni kukaza macho. Aya hiyo nimeisoma miaka yote bila kumkazia macho ndege hata mmoja. Na Luka 12:24 anataja kunguru, ndege ambaye Walawi 11 inamhesabu najisi, yule tunayemfukuza jalalani. Yesu angeweza kutaja ndege wa kupendeza zaidi. Baba anamlisha mdiria, lakini mdiria analowa mara saba. Mimi nilikuwa namhubiria mwenzangu kana kwamba kulowa kwake ni upungufu wa imani. Nikamwomba msamaha.

Zile kurasa nne zilibaki kwenye begi. Msituni tuliwaona hondohondo, na chozi kwenye maua. Mchana sufuria la wali lilipofunguliwa, yule kijana akajitenga. Kumbe hakuwa ametoa mchango wa chakula. Dada mmoja akampakulia sahani, akaketi naye, wala hakuuliza kitu.

Jumatatu asubuhi simu yangu ikalia. Ujumbe wake: "Frateri, naenda kwenye usaili Mlandizi. Wa ngapi huu sijui. Niombee."