Mgeni Asiyeshika Jembe

Je, mtu anayehesabu shilingi kabla ya kununua chumvi ana haki ya kufuga samaki asiyeliwa? Hapa Mubuku swali hili huchekesha kabla halijafikirisha. Mto wetu hushuka kutoka milima ya Rwenzori na kumwaga maji yake Ziwa George, na kwetu samaki ni kitoweo. Ngege, kambare, kamongo: akifika sokoni hupewa bei, hukatwa, hukaangwa, habari yake ikaisha. Samaki wa dhahabu hana bei ya namna hiyo. Anaogelea tu, naye anataka kula kila siku.

Ninao wawili. Niliachiwa na rafiki aliyehamia Kampala, ambaye hakuweza kusafiri nao kwenye basi. Jirani yangu, mama anayeuza samaki wakavu, alipowaona alicheka, kisha akaniuliza kwa upole, “Mwanangu, hawa watakusaidia nini?” Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kuku hulipa kwa mayai, mbuzi kwa karo ya shule, hata paka hulipa kwa panya. Samaki wa dhahabu ni mgeni asiyeweza kushika jembe. Ikiwa wajibu wetu kwa viumbe hupimwa kwa faida wanayotuletea, basi huyu hatudai chochote.

Pingamizi la kwanza ninalolisikia ni kwamba fedha, hata ikiwa ndogo, iende kwanza kwa binadamu. Silipuuzi. Mei 2020 mito ya Nyamwamba, Mubuku, Nyamugasani na Lhubiriha ilifurika, watu wengi wa Kasese wakabaki bila nyumba. Anayemkumbuka samaki siku kama hiyo na kumsahau jirani ana kasoro moyoni. Lakini pingamizi hili lina tabia moja inayonitia shaka: huelekezwa kwa samaki tu. Sijasikia mtu akimuuliza kijana kwa nini amenunua soda au muda wa maongezi ilhali kuna yatima mtaani. Chakula cha samaki wangu ni mbaazi mbichi iliyomenywa, punje za wali, na viluwiluwi vya mbu ninaowachota kwenye maji ya mvua yaliyotuama. Hao viluwiluwi, wasipoliwa, wangekuja kutuuma usiku. Kwa shilingi, basi, samaki hamnyang'anyi mtu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo linatetea samaki mwenyewe. Linasema: ukiwa huwezi kumtunza vizuri, usimtunze kabisa, kwa maana umaskini wako utaulipwa na yeye. Samaki wa dhahabu hutoa amonia kupitia matamvua na kinyesi chake, na katika maji machache amonia hiyo humuunguza polepole. Hapigi kelele, kwa hiyo ni rahisi kudhani haumii. Mwaka 2003 Lynne Sneddon na wenzake nchini Uingereza walichapisha utafiti uliogundua kwamba kichwa cha samaki aina ya trauti kina vipokezi vinavyoitikia madhara. Wataalamu bado wanabishana kama samaki huhisi maumivu kama sisi. Mimi nasema shaka yenyewe inatosha kutuzuia.

Hata hivyo, tunapaswa kuuliza huyu samaki ananyimwa nini hasa na umaskini. Hanyimwi kioo. Bakuli la kioo la mviringo, lile linalopendeza mezani, ni moja ya makazi mabaya kabisa kwake: maji ni kidogo, na mdomo wake mwembamba hupunguza hewa. Mji wa Monza nchini Italia ulipiga marufuku kuwaweka samaki ndani ya mabakuli hayo mwaka 2004. Wangu wanaishi katika nusu ya pipa la plastiki la lita 200, lililokatwa na kuoshwa vizuri. Chini kuna mawe ya mtoni, ambayo bakteria huyashika na kuigeuza amonia iwe kitu chenye sumu kidogo zaidi. Pipa ni baya kwa macho. Tajiri mwenye bakuli zuri anaweza kuwa mkatili kuliko mimi, na hajui.

Gharama ya kweli ni maji, nayo haionekani katika daftari la matumizi. Kila wiki natoa jerikeni mbili na kurudisha mbili safi, zilizokaa wazi usiku kucha ili klorini itoke. Jerikeni ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na katika nyumba nyingi za kwetu uzito huo huwa juu ya kichwa cha msichana. Hapa ndipo ninapodhani wanafalsafa wa wanyama wameacha pengo. Kant alifundisha kwamba anayewatendea wanyama ukatili hujizoeza ukatili kwa watu. Hilo ni kweli, lakini mtu anaweza pia kumhurumia mnyama kwa nguvu za mtu mwingine. Mchuma janga hula na wa kwao. Kama dada yangu mdogo angebeba maji ya samaki wangu juu ya yale ya kupikia, huruma yangu ingekuwa deni lililoandikwa kwa jina lake. Kwa hiyo nabeba mwenyewe, na maji machafu namwagia mchicha, unaoyapenda kuliko maji ya bomba.

Rafiki mmoja aliniambia: ukichoka, wamwage kwenye mfereji wa umwagiliaji, wapate uhuru. Neno lenyewe ni tamu, hasa ukikumbuka kwamba kufuga na kufunga zimetofautiana kwa herufi moja. Lakini mifereji yetu hupita mashamba yanayopuliziwa dawa, na anayenusurika humo anaweza kufika mtoni, kisha ziwani. Samaki wa dhahabu asili yake ni China. Katika maji ya Australia na Amerika Kaskazini, walikotupwa, wamezaana, wakatibua matope na kuwapokonya wenyeji chakula. Sisi wa Afrika Mashariki tuna kumbukumbu yetu wenyewe: sangara alitiwa Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na 1960, na spishi nyingi za furu hazikuonekana tena. Uhuru wa samaki wawili ungeweza kulipwa na wavuvi ambao hawakuulizwa.

Ndiyo maana kuna ugumu ambao bajeti haiutatui. Mtoto hukua akaondoka; mbuzi huuzwa. Samaki wa dhahabu akitunzwa huishi zaidi ya miaka 10, naye ananihitaji siku ya mwisho kama alivyonihitaji siku ya kwanza. Mimi sijui nitakuwa wapi baada ya masomo. Maskini anaweza kutoa kazi yake na muda wake wa leo. Kinachomwia vigumu kuahidi ni kesho, kwa sababu kesho yake iko mikononi mwa wengine. Nimekubaliana na binamu yangu wa Bwera, mwenye kisima na nafasi ya pipa, kwamba nikiondoka atawachukua. Nilimtaka aje kwanza abadilishe maji mara mbili kwa mikono yake, ndipo nikalipokea jibu lake. Juzi mtu aliniletea samaki wa tatu ndani ya mfuko wa nailoni, bure. Pipa langu ni la wawili. Nilimrudisha.