Kutoka Parapanda hadi Mchango

Juu ya mlango mkuu wa magharibi wa Westminster Abbey, hapa London, zimesimama sanamu kumi za wafia imani wa karne ya 20. Zilizinduliwa Julai 1998 mbele ya Malkia Elizabeth. Ya tatu kutoka kushoto ni ya Askofu Mkuu Janani Luwum, Mwacholi wa Mucwini, kaskazini mwa Uganda. London aliifahamu, kwani miaka ya 1960 alisoma theolojia katika London College of Divinity. Aliuawa Kampala tarehe 16 Februari 1977, siku chache baada ya yeye na maaskofu wenzake kumwandikia Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji na watu kupotezwa. Serikali ilitangaza kwamba amekufa kwa ajali ya gari.

Kaburi lake lilichimbwa kwenye kilima cha Namirembe, kando ya kaburi la Askofu James Hannington aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Mwili haukuja. Ulipelekwa Mucwini ukazikwa huko, na mazishi ya Kampala yakapigwa marufuku. Hata hivyo Jumapili ya tarehe 20 watu walipanda Namirembe kwa maelfu, na baada ya ibada wakalizunguka shimo lisilo na mtu. Ndipo Erica Sabiti, aliyekuwa askofu mkuu kabla ya Luwum, akawakumbusha maneno ambayo malaika aliwaambia wanawake waliofika alfajiri kwenye kaburi la Yesu wakakuta hamna maiti.

Waliouficha mwili walitaka kuwanyima watu mahali pa kulilia. Badala yake wakawaachia mahubiri ambayo hakuna padri angeweza kuyatunga.

Kaburi hilo linanisukuma kuuliza jambo ambalo sisi Wakristo hatuliulizi vya kutosha: kuamini ufufuo humpa mtu nini asubuhi ya Jumatatu, Pasaka ikishapita na watu wamerudi kazini? Jibu lililozoeleka ni kwamba humpa tumaini la kuonana tena na waliotangulia. Silidharau jibu hilo. Nimeketi kwenye misiba ya watu wetu hapa London, mama yuko Moshi au Kakamega na mwanawe analilia kwenye sebule ya ghorofa ya nane, na nimeona namna tumaini hilo linavyomshika mtu asianguke. Lakini hiyo ni faraja. Kusudi ni jambo jingine. Faraja humsaidia mtu kuvumilia alipo, ilhali kusudi humwambia inuka, kuna mahali unatakiwa kwenda.

Mtume Paulo alilijua hilo. Sura ya 15 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho ndiyo hoja ndefu kuliko zote katika Agano Jipya kuhusu ufufuo. Anataja mashahidi waliomwona Bwana, anabishana na wanaokana, anaeleza habari ya mbegu inayozikwa ardhini, kisha anafika kwenye parapanda ya mwisho na wafu kuamka. Msomaji angetarajia amalizie mbinguni. Anamalizia kazini: mstari wa 58 unawataka wasomaji wake wasimame imara na wazidi katika kazi ya Bwana, kwa kuwa taabu yao haiendi bure. Na sentensi inayofuata, ile inayofungua sura ya 16, inahusu mchango. Ndiyo, mchango wa fedha kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, kila mtu aweke akiba yake siku ya kwanza ya juma. Paulo hakuandika kwa sura. Mgawanyo huo uliwekwa karne nyingi baadaye. Kwake yeye, parapanda na mchango vilikuwa katika pumzi moja.

Hapo, kwa maoni yangu, ndipo kiini kilipo. Mtu anayeamini kwamba kifo ndicho chenye neno la mwisho hulazimika kuchagua kazi zinazoweza kumalizika kabla hajafa, au zinazoweza kulindwa na watakaobaki. Huyapima malengo yake kwa urefu wa maisha yake, na maisha ni mafupi. Anayeamini ufufuo ameachiliwa kutoka katika hesabu hiyo. Anaweza kuanza kazi asiyoweza kuimaliza, akasema ukweli ambao hautasikilizwa wakati wake, akampenda mtu asiyeweza kumlipa. Mungu aliyemfufua Yesu hakuyatupa maisha yale yaliyoonekana kushindwa msalabani. Aliyachukua yaleyale, pamoja na alama za misumari, akayathibitisha.

Festo Kivengere, askofu wa Kigezi, alilazimika kuliishi jambo hili hapa London. Baada ya kifo cha Luwum, waumini wake walimsihi aondoke kwa kuwa askofu mmoja aliyekufa anatosha, naye na mkewe Mera wakavuka milima kwa miguu usiku wakaingia Rwanda. (Wapo wanaodhani anayeamini ufufuo sharti akimbilie kifo. Kivengere alikimbia kifo, na imani yake haikupungua.) Ijumaa Kuu ya mwaka huohuo alikuwa London, akaingia kanisa la All Souls, Langham Place. Alikuwa amebeba chuki dhidi ya Amin, na chuki ile ilikuwa inamla. Akiwa mle ndani, sala ya Yesu ya kuwaombea msamaha waliomsulubisha ilimgeukia yeye, na akatoka akijua kwamba inampasa kusamehe. Kitabu alichokitoa mwaka uleule kina jina ambalo bado linawashtua wengi: I Love Idi Amin.

Nimetafakari sana kwa nini msamaha huo haukuwa udhaifu. Kama Amin alikuwa amelifunga faili la Luwum moja kwa moja, basi aliyebaki hai hana la kufanya ila kulipiza au kusahau, na vyote viwili vinamwacha muuaji akiwa ndiye mwandishi wa mwisho wa habari ile. Kivengere aliweza kukataa vyote viwili kwa sababu aliamini faili halijafungwa. Haki ya rafiki yake ilikuwa mikononi mwa mwingine. Kwa hiyo mikono yake mwenyewe ilibaki huru, na aliitumia miaka iliyofuata kuwahudumia wakimbizi na kuhubiri upatanisho.

Wapinzani wa imani hii hawakukosa akili, na baadhi ya waliosema kwa nguvu zaidi walisemea hapahapa London. Tarehe 6 Machi 1927, katika Ukumbi wa Manispaa wa Battersea, Bertrand Russell alitoa mhadhara wa kueleza kwa nini yeye si Mkristo. Kwingineko aliandika kwamba akifa ataoza, na kwamba furaha haipungukiwi na ukweli kwa kuwa ina mwisho. Nusu ya hoja hiyo naikubali. Jambo jema halihitaji kudumu milele ili liwe jema. Ila hoja hiyo inamfaa aliyeshiba. Inamwambia nini yule ambaye furaha yake ilikatwa kabla haijaanza? Utawala wa Amin uliwatupa watu katika Mto Nile, wakiwemo vijana. Kuwaambia kwamba kilichokwisha kilikuwa kizuri hata kama kimekwisha ni kusema nao kana kwamba walipewa nafasi ya kukionja.

Bernard Williams, mwanafalsafa aliyefundisha London kabla ya kwenda Cambridge, alikuja na pingamizi kali zaidi. Alimchukua Elina Makropulos, mwanamke wa tamthilia ya Karel Čapek mwenye umri wa zaidi ya miaka 300, akaonyesha kwamba maisha yasiyokoma yangechosha hadi yapoteze maana yote. Naamini Williams alisema kweli kuhusu kurefusha siku. Lakini Mkristo haombi siku zirefushwe. Anangojea kilichovunjwa kirekebishwe, na hilo haliwezi kumchosha aliyevunjwa.

Kwetu Afrika Mashariki swali lilichukua sura nyingine, na aliyelieleza vizuri ni John Mbiti, mzaliwa wa Kitui. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alisema kwamba marehemu anabaki karibu maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina. Wote waliomjua wakishakufa, naye huzama katika Zamani. Wasomi wamelibishania dai hilo, lakini sisi tulioko ughaibuni tunalielewa kwa uchungu. Mtoto aliyezaliwa Peckham halijui jina la babu wa babu yake, na huenda hataliuliza. Kama uzima baada ya kifo unategemea kumbukumbu za watoto wetu, basi uhamiaji umewaua wazee wetu mara ya pili.

Ufufuo unaondoa mzigo huo mabegani mwa watoto. Jina linahifadhiwa na Mungu, liwe limekumbukwa au limesahauliwa. Luwum ana sanamu, na Uganda humwadhimisha kila tarehe 16 Februari kwa sikukuu ya kitaifa. Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, mawaziri wawili waliouawa pamoja naye, hawakuchongewa jiwe Westminster. Kwa imani ya Kikristo wote watatu wanamngojea Mungu mmoja, na sanamu haimwongezei Luwum chochote mbele zake. Ndiyo maana mtu anaweza kufanya kazi kubwa bila kutafuta mahali pa kuliandika jina lake.

Na Wakristo hukiri ufufuo wa mwili. Hapa ndipo imani hii inapogusa mikono kabisa. Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi na ofisa ustawi kabla ya kusomea udaktari, alifungua St Christopher's Hospice huko Sydenham, kusini mwa London, mwaka 1967. Alikuwa Mkristo asiyeificha imani yake. Mgonjwa ambaye hospitali zilimwambia hakuna tena la kufanya, yeye aliona yapo mengi: kumpa mofini kwa saa maalumu kabla maumivu hayajarudi, kumsikiliza, kumsafisha, kuipokea familia yake. Mwili ulioahidiwa kufufuliwa haugeuki takataka wiki tatu kabla ya kifo. Kazi ya namna hiyo ilifika kwetu pia, Nairobi Hospice mwaka 1990, na Kampala mwaka 1993 kwa juhudi za daktari Anne Merriman.

Usiku huu, katika nyumba za wazee za London, ndugu zetu wengi wa Afrika Mashariki wako zamu. Wanamgeuza mzee kitandani asipate vidonda vya kulalia, wanambadilisha shuka, wanamwita kwa jina lake. Yeye amepoteza kumbukumbu. Kesho asubuhi hatajua nani alimwogesha. Mshahara ni mdogo. Sisemi asiyeamini hawezi kuifanya kazi hii kwa upendo. Wapo wengi wanaoifanya vizuri sana. Nasema kwamba anayeamini ufufuo ana sababu ya kuiita kazi hii ya milele, hata mzee mwenyewe akiisahau.

Yupo mhubiri anayemwambia mfanyakazi huyo avumilie malipo duni kwa kuwa thawabu yake iko mbinguni. Mhubiri huyo amesoma sura ya 15 akaishia mstari wa 57. Wapo walioendelea hadi mstari wa 58. John Sentamu, mwanasheria Mganda aliyekimbilia Uingereza mwaka 1974, aliposikia Luwum ameuawa aliapa kuchukua nafasi yake. Akapadirishwa mwaka 1979, akatumika miaka mingi Tulse Hill, na mwaka 1996 akawa askofu wa Stepney. Stephen Lawrence, kijana mweusi, alikuwa ameuawa Eltham mwaka 1993, na jopo la Sir William Macpherson lilipochunguza kesi yake, Sentamu alikuwa mmoja wa washauri wake watatu. Ripoti ya 1999 ilitamka waziwazi kwamba ubaguzi wa rangi umekita ndani ya taasisi ya polisi wa London. Kaburi tupu la Namirembe lilikuwa limemtuma mtu kazini.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, tukikutana tena msibani kuchangia nauli ya jeneza, tusiuone mchango kama jambo la kumalizwa haraka ili ibada ianze. Na mwili ukishasafirishwa, wiki ya tatu, simu zikiwa zimenyamaza, mtafute aliyeachwa. Muulize kama kodi ya nyumba imelipwa, na kama yupo wa kuwachukua watoto shuleni siku anayoingia zamu.