Anza na Kinachosimamisha

Marehemu baba alikuwa bwana shamba katika mashamba ya mpunga ya Usangu. Alipostaafu alirudi nyumbani Chimala na pikipiki aliyoitumia miaka yote ya kazi, Honda CG 125. Alipofariki ikasukumwa bandani, kuku wakawa wanatagia kwenye kiti chake. Ilikaa humo miaka mingi, mpaka siku nilipoamua kuifufua kwa mikono yangu mwenyewe, uani kwangu.

Sikuwa nimekosea kuichagua. Honda waliitoa CG 125 mwaka 1976, wakiwalenga watu wa nchi ambako pikipiki hubeba mizigo mizito, barabara ni mbovu na fundi yuko mbali. Injini yake ni nyepesi kufungua, na valvu zake husukumwa kwa fimbo. Viwanda vya China viliuiga muundo huo, ukaingia katika pikipiki nyingi za bodaboda. Fundi yeyote wa kijiweni akiifungua haoni kitu kigeni.

Nilimwita fundi mzee aliyekuwa akimtengenezea baba. Nilimwamkia, akaitika, kisha akachuchumaa kando ya pikipiki. Nilidhani atatazama injini. Yeye alibonyeza pedali ya breki kwa mkono, akazungusha gurudumu la nyuma, akatega sikio.

"Mwanangu," akasema, "anza na kinachosimamisha. Kinachokimbia kitakungoja."

Nikamjibu, "Sawa mzee." Kesho yake nikauza magunia mawili ya mpunga, nikaenda kununua rangi.

Mpwa wangu wa miaka kumi na mitano ndiye aliyekuwa msaidizi wangu. Alisugua tangi kwa msasa mpaka vidole vikachubuka. Tulishusha injini, tukabadilisha pistoni na ringi, tukasafisha kabureta, tukaweka plagi mpya. Ilipowaka kwa mara ya kwanza tulikumbatiana. Furaha ile ni ya kweli, na siidharau hata leo.

Kisha nikaingia kwenye mapambo. Niliondoa usukani wa baba nikafunga mwingine mrefu, ulioinuka kama pembe za ng'ombe. Nikatoboa ekzosi ili ilie kwa kishindo. Nikafunga sproketi ya nyuma yenye meno machache, ili pikipiki ikimbie zaidi kwenye lami. Tangi likapigwa rangi nyekundu, juu yake vanishi. Magurudumu niliyasugua spoki moja moja mpaka yakang'aa, lakini sikuyafungua ndani.

Breki za pikipiki ile ni za dramu. Ndani ya kila gurudumu kuna viatu viwili vya metali, na juu ya kila kiatu umegandishwa kwa gundi utando mgumu. Ukikanyaga breki, viatu hutanuka, utando ule ukasugua ukuta wa dramu, na mwendo hugeuka joto. Gundi huzeeka. Unyevu na kutu huingia chini ya utando hata kama pikipiki imesimama tu bandani. Kwa macho unaweza kuuona bado mnene ukadhani ni mzima, kumbe umeshikilia kwa kidogo tu.

Chimala mjini hakukuwa na dalili. Huku bondeni njia ni tambarare, na breki mbovu inaweza kuishi muda mrefu bila kuumbuka. Watu walisimama kuitazama pikipiki, vijana wa bodaboda wakaniuliza bei ya rangi. Nikavimba kichwa.

Jumamosi moja nikamwambia mpwa wangu twende Matamba kuchukua viazi. Anayeifahamu njia hiyo ameshaelewa. Inatoka Chimala ikipanda ukuta wa milima kuelekea Makete, na kona zake ndizo zilizoipa jina: Hamsini na Saba. Huko juu ndiko iliko njia ya kwenda Kitulo, uwanda wenye mwinuko wa karibu mita 2,600 ambao mwaka 2005 ulifanywa hifadhi ya taifa kwa ajili ya maua yake. Wakati ule njia ilikuwa ya changarawe.

Kupanda tu kungetosha kuniamsha. Kwa sababu ya sproketi niliyoifunga, injini ilihema kwa gia ya kwanza karibu njia nzima. Sikujiuliza itakuwaje kurudi. Meno machache ya nyuma hupunguza nguvu ya kupanda, na vilevile huipunguzia injini nguvu ya kuizuia pikipiki inaposhuka. Kazi yote ya kuzuia inaangukia breki.

Tulirudi na nusu gunia la viazi na mtoto nyuma yangu. Kona za kwanza nilizipita nikikanyaga breki ya nyuma mfululizo. Joto likajikusanya ndani ya dramu bila pa kutokea. Baada ya kona kadhaa mpwa wangu akanigonga begani.

"Mjomba, huku nyuma kuna kitu kinatetema miguuni."

"Ni ekzosi," nikamjibu.

Haikuwa ekzosi. Gundi ilikuwa imeachia, utando umebanduka, kiatu kitupu kinakwangua dramu. Mlio ule ungesikika wazi kwenye pikipiki ya baba. Kwenye yangu, kishindo nilichokinunua kwa fedha zangu kiliufunika.

Pedali ikazama mpaka mwisho, pikipiki haikupungua mwendo. Nikabana breki ya mbele. Hapo nikavuna matunda ya ule usukani mrefu. Waya wa breki wa zamani ulikuwa haufiki vizuri. Kila nilipokata kona ulijivuta wenyewe na kubana gurudumu, basi nikaulegeza sana ili usinisumbue. Sasa nilipouhitaji, mkono wa breki ulifika kwenye usukani kabla viatu havijagusa dramu sawasawa.

Upande mmoja kulikuwa na bonde, upande mwingine ngema. Nikaigonga ngema. Viazi vilimwagika vikaporomoka kutoka kona hadi kona chini yetu. Mguu wa mpwa wangu ulibanwa kati ya fremu na jiwe. Tangi halikupata hata mkwaruzo.

Gari la viazi lilitushusha mpaka Chimala. Dada yangu alitukuta hospitali. Hakupiga kelele.

"Kaka," alisema, "baba alinipeleka shule na pikipiki hiyohiyo. Ilikuwa imechakaa, lakini haikuwahi kuniangusha."

Mwezi mzima nilipata nafasi ya kulifikiria neno hilo. Nilikuwa nimeondoa kila alama ya uchakavu wa baba, na nimeacha bila kuigusa kazi pekee ambayo yeye hakuwahi kuiacha.

Wewe unayefufua pikipiki ya zamani nyumbani, sikuambii uache. Nakuomba ufuate mpangilio. Kabla ya kufungua kopo la rangi, fungua magurudumu yote mawili. Viatu vya zamani vitupe hata vikionekana vinene. Vumbi lake usilipulize. Breki nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, inayoharibu mapafu. Lifute kwa kitambaa kibichi. Toa kutu kwenye dramu, hakikisha grisi ya beringi haijavuja ndani. Weka nyaya mpya za breki. Tairi zikiwa na nyufa pembeni zibadilishe, kwa maana mpira huzeeka hata usipotembea.

Ukibadili kitu kimoja, fuatilia kila kilichounganishwa nacho. Usukani mrefu unadai waya mrefu: uzungushe mpaka mwisho kushoto, kisha kulia, na mkono wa breki ubaki na uhuru uleule. Sproketi ukiigusa, jua umegusa mteremko. Ekzosi iache ilie kwa kiasi, usikie pikipiki inapokulalamikia. Ijaribu kwanza peke yako kwenye mwinuko mdogo, bila mzigo wala abiria. Na mlima mrefu ushuke kwa gia ambayo ungeupandia, ukisimama njiani dramu zipoe.

Mfupa wa mpwa wangu uliunga, ingawa msimu wa baridi unapofika humuuma, na huchechemea kidogo asubuhi. Bado anapenda pikipiki. Sasa ndiye anayefunga breki, mimi nashika tochi, na hatuwashi injini mpaka aseme tayari.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi ndiye niliyeambiwa, mara ya kwanza na mzee, mara ya pili na mtoto, nisisikie. Guu lililovunjika halikuwa langu.