Kurasa Zilizochanwa

Kutoka Kigoma mjini hadi Ujiji ni mwendo mfupi wa daladala. Ukishuka na kuteremka kuelekea ziwani utaikuta miembe na mnara wa kumbukumbu. Mwembe wa awali ulikufa zamani. Iliyopo leo, wenyeji wanasema, ni uzao wake. Watoto wa shule hupelekwa pale kuelezwa kwamba chini ya mti huo, mwaka 1871, mwandishi wa gazeti alikutana na mmisionari aliyedhaniwa amepotea. Nami nilipelekwa nikiwa darasa la tano. Nikakariri majina na mwaka, nikapata alama zangu. Habari ya kurasa nilikuja kuisoma nikiwa mtu mzima, nimeshaharibu kazi yangu ya kwanza.

Kurasa zenyewe ni za shajara ya mwandishi huyo, Henry Morton Stanley. Karatasi zake zimehifadhiwa Tervuren, Ubelgiji. Tim Jeal, aliyezisoma na kuchapisha wasifu wake mwaka 2007, alikuta kwamba kurasa za siku ile ya kukutana na mmisionari huyo, David Livingstone, zimechanwa. Ile salamu ya upole inayotajwa dunia nzima, "Daktari Livingstone, nadhani?", haimo hata katika maandishi ya Livingstone, na Jeal anaamini Stanley aliitunga baadaye, akitafuta neno ambalo muungwana angelisema mahali pale.

Fikiria mtu huyu alikotoka. Januari 1871 alishuka Zanzibar akakuta fedha alizoahidiwa na gazeti lake, New York Herald, hazijafika, ikabidi akope kupitia balozi mdogo wa Marekani. Akatoka Bagamoyo mwezi Machi, akatembea karibu miezi minane. Homa zilimwangusha mara nyingi. Vita vya mtemi Mirambo vilimfungia njia kule Unyanyembe, eneo la Tabora, akalazimika kuzunguka mbali kusini. Wazungu wawili aliotoka nao walibaki nyuma wakiwa wagonjwa, na wote wawili hawakuiona pwani tena. Lakini alifika Ujiji, na mzee aliyemtafuta alimpata akiwa hai. Kazi ilikuwa imekwisha, na ilikuwa ya kweli. Hata hivyo akaona kweli hiyo haitoshi mpaka aiongezee chumvi, na ukurasa ambao ungemsuta akauchana.

Kwa nini? Kwa sababu hata jina alilokuwa nalo hakuzaliwa nalo. Alizaliwa mwaka 1841 mjini Denbigh, Wales, akaandikishwa kanisani kwa jina la John Rowlands, na mbele ya jina hilo likawekwa neno la kumtaja kuwa mwanaharamu. Babu aliyemlea alipofariki, ndugu wakamtunza kwa muda kisha wakachoka. Akiwa na miaka sita akapelekwa St Asaph, kwenye nyumba ya kuhifadhi mafukara, akakaa huko mpaka miaka kumi na mitano. Baadaye akavuka bahari kama kijana wa kazi melini, akafika New Orleans, akachukua jina la tajiri wa pamba na kudai kwamba tajiri huyo alimfanya mwanawe. Watafiti wanaona huenda hawakuwahi hata kuonana. Alipoingia Ujiji na bendera ya Marekani ikitangulia mbele ya msafara, alikuwa na miaka thelathini, na kila aliyemzunguka aliamini ni Mmarekani.

Kiswahili kina neno la hofu aliyoibeba: hofu ya kuumbuka. Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliandika juu ya wanawake zaidi ya 150 waliofanikiwa katika masomo na kazi, ambao pamoja na vyeti na sifa zote waliamini ndani kwa ndani kwamba wamewahadaa watu na siku moja watagunduliwa. Hawakuiita ugonjwa. Nami siioni kuwa ugonjwa. Kijana aliyeajiriwa juzi, akawekwa mezani na watu wenye miaka ishirini kazini, asipohisi kwamba yeye ni mdogo hapo basi haoni vizuri. Hofu hiyo peke yake haijamwangamiza mtu. Kinachoangamiza ni unachojenga ili kuifunika.

Turudi chini ya mwembe, maana aliyekuwa amekaa pale barazani naye alikuwa mtoto wa maskini. Livingstone alizaliwa Blantyre, Scotland, katika chumba kimoja cha familia nzima, na akiwa na miaka kumi tayari alikuwa akifanya kazi kiwandani, akiunga nyuzi za pamba zilizokatika, tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku. Hakulificha hilo. Alipoandika kitabu chake cha safari mwaka 1857, alilieleza mwanzoni kabisa, mbele ya wasomaji wa tabaka la juu waliokuwa wakikinunua. Na alipofika Ujiji akitokea Manyema, mgonjwa na mikono mitupu, akakuta bidhaa zake zimeuzwa zote na mtu aliyekabidhiwa, aliandika kwamba amekwisha, hana kitu. Sisemi alikuwa mtu asiye na lawama; wengi waliosafiri naye wangekuwa na ya kwao ya kusema. Ila katika jambo hili moja alikuwa huru.

Watu hawa wawili walikaa pamoja miezi minne. Walipanda mtumbwi wakaenda hadi kaskazini mwa ziwa, wakahakikisha kwamba mto Rusizi unaingia ziwani wala hautoki. Walikula pamoja na kuuguzana. Na bado, walipokwisha kuagana karibu na Tabora Machi 1872, mzee akaendelea kuandika kwamba aliyemwokoa ni Mmarekani. Naliona hili kuwa la kusikitisha kuliko yote. Kama palikuwa na mtu mmoja duniani ambaye angelisikia habari za ile nyumba ya mafukara asishangae, ndiye huyo aliyelala naye hema moja.

Kisha hesabu ikaja. Stanley alifika London Agosti 1872 na barua za Livingstone mkononi. Yakatokea magazeti yaliyosema ni za kughushi, mpaka mtoto wa Livingstone alipothibitisha mwandiko wa baba yake. Tarehe 16 Agosti akasimama Brighton mbele ya wanasayansi na umati mkubwa, hata Napoleon III aliyekuwa mfalme wa Ufaransa akiwa ukumbini. Mwenyekiti, Francis Galton, akaonyesha wazi kwamba hawakuja kusikiliza hadithi za kusisimua, akamhoji pia juu ya asili yake, kama ni kweli yeye ni Mwelisi. Kisha, kwenye karamu, watu wakacheka alipokuwa akizungumza, naye akaondoka kwa hasira. Malkia Victoria alimpa zawadi ya kisanduku cha dhahabu chenye almasi, na mwaka uliofuata chama cha wanajiografia kikamtunuku nishani. Hakuna hata kimoja kilichomtuliza. Huko Wales waandishi walikuwa wameshamfikia mama yake mzazi, naye akasema huyo ni mwanawe. Stanley akakana magazetini kwamba yeye ni Mwelisi. Mtu aliyeivuka nchi kwa miguu toka pwani hadi ziwani akashindwa kuvuka neno moja, akamkana mama yake mbele ya watu.

Wazee husema mficha maradhi, kifo humuumbua. Nimeisikia methali hii ikisemwa kwa wagonjwa, lakini mimi humkumbuka Stanley. Waliokuwa wakimcheka hawakuwa wakicheka safari. Safari ilikuwa kweli tupu. Walicheka kwa sababu walinusa kwamba kuna kitu kimefichwa, na penye kilichofichwa hata kweli hushukiwa.

Na hofu iliyofunikwa haikai mahali pamoja. Aprili 1875, Stanley akiwa safarini tena, kwenye kisiwa cha Bumbire katika Ziwa Victoria, watu walimzuia, wakamtishia na kumnyang'anya makasia. Akaponyoka. Agosti akarudi na mitumbwi na bunduki, akawafyatulia risasi watu waliosimama ufukweni na mikuki yao, kisha akayaandika mwenyewe magazetini kana kwamba ni ushujaa. Jeal anadhani idadi ya waliokufa aliikuza ili apendeze wasomaji. Hebu tazama hofu inapomfikisha mtu: anakuza hata damu aliyoimwaga. Wapagazi wake waliijua fimbo yake kabla ya hapo. Mwenyewe ameieleza katika kitabu chake. Asiyestahimili kudharauliwa, akipata madaraka, huwalipisha wasiohusika. Baada ya hapo alikwenda kumfanyia kazi Mfalme Leopold wa Ubelgiji kule Kongo, na mabaki ya biashara hiyo sisi wa ng'ambo hii ya Ziwa Tanganyika tunayajua, maana watu wamekuwa wakivuka maji kuja kwetu kizazi baada ya kizazi.

Uzeeni alianza kuandika maisha yake. Safari hii aliitaja nyumba ya St Asaph. Lakini hata hapo akaweka kisa cha kumpiga mwalimu katili na kutoroka, kisa ambacho kumbukumbu za nyumba hiyo hazikionyeshi. Alikufa mwaka 1904 kabla ya kuumaliza mswada, na kitabu kikatolewa na mkewe mwaka 1909.

Sasa niseme yangu, kwa kuwa simsuti Stanley nikiwa nimekaa mbali.

Nilipopata kazi nilikuwa kijana wa bara, nimesomea uvuvi, nikapangiwa mwalo mmoja kaskazini mwa Kigoma kukusanya takwimu za samaki. Watu wakaniita bwana samaki tangu siku ya kwanza. Dagaa wa ziwa hili ni wa aina mbili, na fomu yangu ilikuwa na safu mbili. Darasani nilizijua kwa majina yake ya Kilatini. Pale mchangani alfajiri, mitumbwi inaingia, taa zinazimwa, wanawake wanagombania mabeseni, sikuweza kumtofautisha huyu na yule. Wavuvi walinitazama wakisubiri. Nikaona nikiuliza, jina la bwana samaki limekwisha. Nikajaza kwa kukisia: sehemu kubwa safu hii, kidogo safu ile. Kesho yake hivyo hivyo. Ikifika mbalamwezi mitumbwi hulala nchi kavu, maana taa hazivuti samaki. Siku hizo nilipumua kama mwanafunzi aliyesikia mtihani umeahirishwa.

Hakuna aliyenikamata. Mkuu wangu alinisifu kwa mwandiko safi na kuwahi kuwasilisha, na sifa ile ilinikosesha usingizi kuliko karipio. Nilianza kazi nikijiona mdanganyifu bila sababu yoyote, kwa kuwa mgeni hajui na hapaswi kujua kila kitu. Mwezi wa tatu sababu nilikuwa nayo, nimeitengeneza kwa kalamu yangu.

Mwalo ule hauko mbali sana na Gombe, hifadhi ya sokwe, na wazee walikuwa wakimtaja Jane Goodall, mtafiti wa sokwe hao, kama mtu wa jirani. Alishuka pwani hiyo Julai 1960, akiwa na miaka 26, hana shahada yoyote. Alichosomea ni ukatibu muhtasari. Miezi ya kwanza sokwe walimkimbia wakimwona, akaugua malaria, na fedha alizopewa zilikuwa za miezi michache tu. Aliandika alichokiona, hata siku ambayo hakuona kitu. Novemba mwaka huo akamwona sokwe aliyempa jina David Greybeard akichokoa mchwa kichuguuni kwa unyasi, jambo lililowalazimu wataalamu kufikiri upya maana ya chombo na mtumiaji wake. Alipopelekwa Cambridge kusomea udaktari wa falsafa moja kwa moja, akaambiwa amekosea, sokwe alipaswa kuwapa namba badala ya majina. Yote asiyoyajua aliyasoma. Majina hakuyafuta. Alifariki Oktoba 2025, na Gombe bado watafiti wanaandika kila siku.

Aliyenifungua mimi ni mama mmoja mwanika dagaa. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniangalia ninavyojaza fomu bila kuinama kwenye beseni.

"Baba, unaandika nini nawe hujawatazama?"

Sijui kilichonijia. Nikamwambia: "Mama, siwajui. Nifundishe."

Hakucheka. Aliniita nichuchumae, akaniwekea wawili kiganjani, akanionyesha mwembamba na mwenye tumbo pana, anayekua zaidi ya mwenzake. Kisha akavuruga fungu, akaniambia nichambue. Nikakosea. Akavuruga tena. Jua lilipopanda nilikuwa sikosei sana, na wavuvi wawili walikuwa wamekuja kuchuchumaa nami, wakibishana juu ya samaki mmoja ambaye hata wao hawakukubaliana.

Wiki hiyo nilipeleka madaftari kwa mkuu wangu na kumweleza yote. Alikaa kimya muda mrefu. Nilitegemea barua ya onyo. Akaniuliza siku zipi nina hakika nazo, nikamjibu: tangu Jumanne. Akatoa rula, akanipa kalamu nyekundu, nikapiga mstari juu ya kila ukurasa wa miezi mitatu, nikaandika pembeni kwamba takwimu hizi ni za kukisia, nikatia sahihi na tarehe. Hatukuchana hata mmoja. Taarifa ya mkoa ikapelekwa ikiwa na pengo, na jina langu chini yake.