Mvumilivu Hula Mbivu: Fundisho la Namugongo

Methali hii haihitaji mkalimani. Embe bichi hukausha ulimi, na ndizi iliyokatwa kabla ya kukomaa, hata ukiivundika vizuri, huiva ganda ikabaki ngumu ndani. Anayeweza kungoja ndiye anayeionja ikiwa tamu. Wahenga walilitwaa jambo hilo la shambani wakalifanya kanuni ya maisha: mwanafunzi asikate tamaa kwa kufeli mtihani mmoja, mfanyabiashara asitamani utajiri wa usiku mmoja, maharusi wasikimbilie talaka kwa ugomvi wa kwanza. Methali hii ina ndugu zake pia: subira yavuta heri, na baada ya dhiki faraja.

Zote zinakubaliana kwamba anayevumilia na anayekula ni mtu mmoja. Aliyetoka jasho ndiye atakayeketi mezani. Hapo ndipo Mkristo anayeteswa kwa ajili ya imani yake anapolazimika kuuliza. Vijana walioteketezwa kwa moto Namugongo, nchini Uganda, tarehe 3 Juni 1886, walikula mbivu gani?

Tuwatazame kwa karibu. Mwanga alirithi kiti cha Buganda mwaka 1884 baada ya kifo cha baba yake, Kabaka (yaani mfalme) Mutesa I, akiwa bado kijana. Alikuta ndani ya kasri lake kundi la vijana walioitwa wasomaji. Walikuwa wamefundishwa dini na Alexander Mackay wa misheni ya Kianglikana, aliyefika mwaka 1878, na Mapadre Weupe wa Kikatoliki, waliofika mwaka uliofuata. Kiswahili kilikuwa mlango wa mafundisho hayo, kwa kuwa maandiko ya mwanzo waliyoyasoma yalikuwa yametafsiriwa Unguja. Mwanga aliwaogopa. Alisikia Wazungu wanamega pwani, na akaona vijana wake wana bwana mwingine wanayemtii kuliko yeye. Isitoshe, walikuwa wakimkatalia alipowataka kimwili.

Januari 1885 waliuawa vijana watatu wa Kianglikana. Oktoba mwaka huohuo Askofu James Hannington aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka. Yosefu Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki aliyekuwa mkuu wa watumishi wa kasri, alithubutu kumwambia bwana wake kwamba amekosea. Akauawa tarehe 15 Novemba. Masimulizi ya Kanisa yanasema kuwa kabla ya kufa alimtumia Kabaka ujumbe wa namna mbili kwa pamoja: kwamba amemhukumu bila haki, na kwamba amemsamehe.

Mei 1886 ikawa zamu ya wengine. Karoli Lwanga, aliyeshika nafasi ya Balikuddembe, aliwabatiza usiku vijana waliokuwa bado wanafunzi wa dini, akiwemo Kizito, mtoto wa miaka kama kumi na minne. Asubuhi waliulizwa kama wanasali au hawasali. Kukana kungeokoa maisha. Walifungwa, wakatembezwa mpaka Namugongo, wakawekwa kifungoni siku kadhaa huku kuni zikikusanywa. Siku yenyewe ilipofika, walizungushiwa matete kama mkeka unavyokunjwa, wakalazwa juu ya kuni, Wakatoliki na Waanglikana moto mmoja. Miongoni mwao alikuwa Mbaga Tuzinde, aliyelelewa na mkuu wa wauaji mwenyewe, Mukajanga. Mzee huyo alimsihi akane, akamsihi tena, hakukubali. Jumla ya Wakristo wanaokumbukwa kwa vifo vya miaka ya 1885 hadi 1887 ni 45: Wakatoliki 22 na Waanglikana 23.

Basi, mbivu iko wapi? Jibu la kwanza la Mkristo ni kwamba meza haijaandaliwa upande huu wa kaburi peke yake. Yeye anamfuata Bwana aliyesulubiwa Ijumaa na kufufuka Jumapili. Kwake kifo si mwisho wa msimu. Ukiliondoa tumaini hilo, Namugongo inabaki hasara tupu. Ukiliweka, methali inasimama, ila saa ya kula imesogezwa mbele.

Jibu la pili ni kwamba tunda alilolivumilia mmoja huweza kuliwa na wengi. Miaka michache baada ya moto ule Ukristo ulienea Buganda kuliko alivyoogopa Mwanga. Tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo VI aliwatangaza wale 22 kuwa watakatifu, na hakuwasahau Waanglikana waliokufa pamoja nao. Hadi leo, kila Juni, mahujaji humiminika Namugongo, wengine kwa miguu kutoka Kenya na Tanzania. Tena Mwanga mwenyewe, alipokuwa uhamishoni Shelisheli, alibatizwa akaitwa Danieli, jina la mtu aliyetupwa katika tundu la simba kwa sababu ya kusali.

Lakini tusiishie kwenye shangwe. Waliorithi tunda hilo hawakulila vizuri siku zote. Januari 1892, haikupita hata miaka sita tangu moto wa Namugongo, Wakatoliki na Waprotestanti walipigana kwa bunduki Mengo, wakigombea utawala wa Buganda. Damu ya waliochomwa pamoja haikuwazuia waliobaki kuuana. Na katika kuwakumbuka Wakristo tusisahau kwamba wakati wa Mutesa, muongo mmoja kabla yao, Waislamu nao waliuawa Namugongo kwa kushika dini yao. Mtu akiheshimu uvumilivu wa watu wa dini yake tu, anachoheshimu ni kundi lake.

Jibu la tatu ndilo zito zaidi. Ayubu alipoteza mali, watoto na afya, na swali la Shetani juu yake lilikuwa moja: mtu huyu anamcha Mungu bure, au kwa faida? Methali ikisomwa juu juu inaweza kumfanya Mungu mdaiwa: nimevumilia, nilipwe. Mbaga Tuzinde hakuwa akifanya hesabu hiyo. Alikuwa na nyumba ya kurudi, na mlezi aliyemlilia. Alichokataa ni kumsaliti Kristo aliyempenda. Mbivu ya kwanza anayokula mvumilivu wa namna hii ni yeye mwenyewe kubaki mwaminifu, na hiyo huila papo hapo, moto ukiwa bado unawaka. Ndiyo maana Mtume Paulo, alipowaandikia Warumi, aliweka hatua katikati: dhiki huzaa saburi, saburi huzaa uthabiti wa moyo, ndipo tumaini.

Hata hivyo kila methali ina mpaka wake, na wahenga hawakusahau kuuweka. Walisema pia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Si kila taabu ni msalaba. Petro katika waraka wake wa kwanza anatenganisha anayeteswa kwa kuwa Mkristo na anayeadhibiwa kwa wizi au uovu wake. Yesu aliwaambia wanafunzi wake kwamba wakiudhiwa katika mji mmoja wakimbilie mwingine. Paulo, alipoona hukumu inapindishwa, alikata rufaa kwa Kaisari. Uvumilivu wa Kikristo haumkatazi mtu kukimbia, kushtaki wala kusema. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda alisema. Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin kupinga mauaji na uonevu wa askari. Siku chache baadaye aliuawa, na serikali ikadai ni ajali ya gari. Alivumilia bila kunyamaza.

Kwa sababu hiyo ni dhambi kuitumia methali hii kuwafunga midomo wanaoonewa. Mwanamke anayepigwa na mumewe kila Jumamosi haambiwi avumilie ili ale mbivu. Mfanyakazi asiyelipwa miezi mitatu hahubiriwi subira na yule yule aliyeshika mshahara wake. Maneno haya ni halali kinywani mwa anayeteswa, au mwa rafiki aliyeketi karibu naye akimfuta machozi. Kinywani mwa mtesaji ni dhihaka.

Msomaji wangu, huenda hutaulizwa kamwe mbele ya kuni zilizowashwa kama unasali au husali. Utaulizwa kwa njia ndogo: kwenye risiti ya uongo unayotakiwa kutia saini, kwenye kazi unayoweza kuikosa kwa kukataa hongo, kwenye ukoo unaokutenga kwa kuacha tambiko. Kabla hujasema unavumilia, jiulize unavumilia kwa ajili ya nini. Ukipata jibu linalostahili, simama hapohapo. Usipolipata, ondoka, na usimsingizie Mungu.