Ahadi ya Mtu kwa Nafsi Yake

Wazee walisema ahadi ni deni, lakini hawakutaja ni ahadi ya namna gani. Mtu akimwahidi jirani yake gunia la mahindi, neno hili halina shida. Yuko mwenye kudai, yuko mwenye kudaiwa, na siku ikifika jirani atapiga hodi. Lakini ziko ahadi nyingine ambazo wengi wetu huziweka kila Januari, au siku tunapotoka zahanati na kadi mkononi. Mwaka huu nitamaliza deni la dukani. Nitapunguza sukari katika chai. Nitatembea kila asubuhi mpaka darajani na kurudi. Nitameza vidonge vya presha kila siku kama nilivyoagizwa. Hakuna aliyezisikia ahadi hizi ila yeye aliyeziweka, na ifikapo Machi nyingi zimekwisha kufa, wala hapana aliyekuja kutoa pole.

Ndugu wasomaji, nataka tulifikirie swali moja juu ya ahadi hizi. Je, mtu akizivunja amemkosea nani? Wengine watajibu upesi kwamba hajamkosea mtu. Mwili ni wake, mfuko ni wake, na chai ni yake. Jibu hilo laonekana kuwa la haki, nami nadhani ndilo linalovunja ahadi nyingi kuliko uvivu. Mtu haamki alfajiri kulipa deni ambalo anaamini halina mwenyewe.

Mwingereza Thomas Hobbes aliligusa jambo hili katika kitabu chake Leviathan, kilichotoka mwaka 1651. Yeye alikuwa akizungumza habari za mtawala na sheria alizozitunga mwenyewe, lakini hoja yake yatuhusu hata sisi tusiotawala kitu. Kamba ya namna hii iko mkononi mwa yule yule aliyefungwa. Ataifungua atakapo, basi hiyo si kamba. Sote tumeyaona hayo. Jumatatu mtu amejiwekea sharti, Jumatano amekwisha kujisamehe. Mdai na mdaiwa wamelala kitanda kimoja, na usiku wamepatana.

Mjerumani Immanuel Kant aliliona fumbo hilo hilo, akaliandikia katika kitabu chake cha maadili cha mwaka 1797, lakini hakukubali liishie hapo. Alisema kwamba kama hatuna wajibu wowote kwa nafsi zetu, basi hatuna wajibu kwa mtu yeyote, kwa maana hata ninapomlipa jirani ni akili yangu mwenyewe inayoniamuru nimlipe. Nadhani Kant alisema kweli, ila sababu yake ni nzito mno kwa mtu ambaye mkono wake umekwisha kulifikia andazi la tatu.

Iko njia nyepesi zaidi, nayo ni kuuliza mdai hasa ni nani. Mwanafalsafa mwingine wa Uingereza, Derek Parfit, katika kitabu chake Reasons and Persons cha mwaka 1984, alitoa mfano wa kijana anayeanza kuvuta sigara. Kijana ajua ya kwamba huenda baada ya miaka hamsini atateseka sana, lakini hajali. Yule mzee atakayeteseka yuko mbali naye kama mtu mwingine kabisa. Parfit akasema, vema, na tumtazame basi kama mtu mwingine. Lakini kumtesa mtu mwingine ni kosa, na kila mmoja wetu anakubali hivyo.

Hapa ndipo naona hoja ya kamba inapokatika. Deni husamehewa na mdai, si na mdaiwa. Mdai wa vidonge vya leo ni yule mzee au yule bibi utakayekuwa miaka ishirini ijayo. Hajafika, hajaulizwa, wala hana njia ya kutuma neno kwamba amesamehe. Basi mtu asemapo, "Leo nimejisamehe," anafuta daftari la mwenzake. Tena mzee huyo hatakuja peke yake. Akipooza upande mmoja, yuko binti atakayeacha kazi ili amgeuze kitandani, yuko mke atakayeuza mbuzi, yuko mjukuu atakayekaa nyumbani bila karo. Hao nao hawakuulizwa.

Hata hivyo tusiligeuze jambo hili kuwa fimbo. Mtu asiye na chakula cha jioni hawezi kulaumiwa kwa kula akiba ya mwakani, na kumhubiria habari za mboga mbichi na matunda mama anayehesabu vikombe vya unga ni kukosa adabu. Wala hatukuumbwa kuwa watumwa wa mzee wetu wa baadaye, tusionje pilau siku ya arusi kwa kumwogopa. Nasema juu ya yule mwenye nafasi ya kuchagua, ambaye alikwisha kuchagua kwa akili yake timamu, na sasa anatafuta mlango wa kutokea.

Huyo mara nyingi husema, "Hamu imeniishia." Asema kana kwamba hamu ni mafuta ya taa, yakiisha taa izime. Lakini tazameni jinsi mambo haya yalivyo. Presha ya damu yaweza kukaa mwilini miaka mingi bila kuuma mahali popote, huku ikiharibu moyo, figo na mishipa ya ubongo. Mtu ameza kidonge akiwa mzima, na baada ya kukimeza hajisikii tofauti yoyote. Hamu itatoka wapi? Chumvi nayo ni hivyo hivyo. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni pamoja na iliyomo katika mkate na katika papa mkavu. Aliyepunguza chumvi hapati malipo yoyote jioni ile. Anapata mchuzi uliopooza tu. Anayengoja moyo umsukume katika mambo kama haya anangoja shahidi ambaye hakuwapo.

Aristotle alifundisha zamani kwamba mtu huwa mjenzi kwa kujenga, na huwa na kiasi kwa kutenda mambo ya kiasi. Tendo latangulia, na moyo hufuata nyuma yake polepole. Siku hizi wataalamu wamejaribu kuupima upole huo. Katika utafiti wa University College London uliochapishwa mwaka 2010, watu 96 walichagua kila mmoja jambo dogo la kula, la kunywa au la kuufanyisha mwili kazi, wakalifanya kila siku kwa muda wa majuma 12. Kwa kawaida ilichukua kama siku 66 mpaka jambo likawa la mazoea, lisilohitaji kushindana na nafsi. Kwa wengine zilitosha siku 18, na kwa wengine ilikadiriwa zingehitajika siku 254. Basi anayekata tamaa siku ya ishirini na moja kwa kuwa bado anaona shida, hana kilichoharibika. Yuko njiani tu. Jambo jingine waliloliona ni kwamba siku moja iliyokosekana haikuharibu mazoea yaliyokuwa yakijengwa. Wengi wetu tunafikiri kinyume. Tukila vibaya Jumanne twasema juma limekwisha kuharibika, tutaanza upya Jumatatu, na hapo ndipo tunapoharibu kweli.

Sasa nije kwenye fedha, maana huko ndiko mambo yana utamu. Wataalamu wawili wa uchumi, Pascaline Dupas na Jonathan Robinson, walifanya majaribio magharibi mwa Kenya na kuyachapisha mwaka 2013. Walikwenda kwa watu walio katika vyama vya kupokezana fedha, yaani upatu kama tunavyouita huku kwetu, ambapo watu kumi wakitoa shilingi 20,000 kila mmoja, mmoja wao huondoka na 200,000. Wengine waliwapa sanduku la chuma lenye kufuli, na ufunguo wakawaachia wenyewe. Humo waweke fedha za kujikinga na maradhi, kama vile kununua chandarua. Wengine wakapewa sanduku kama hilo, lakini ufunguo ulikaa kwa msimamizi, na halikufunguliwa mpaka fedha zitimie na zinunue kile kilichokusudiwa.

Ningeulizwa mapema ningesema la pili ndilo litakalofaa. Mwizi wa akiba si ni mwenye sanduku? Lakini ilikuwa kinyume. Waliokaa na ufunguo wao walizidisha matumizi yao ya kujikinga na maradhi kwa asilimia 66 hadi 75, na wale wa kufuli la msimamizi, kwa jumla, halikuwasaidia hivyo. Waliogopa kutia fedha mahali ambapo mtoto akiugua usiku hawataweza kuzitoa. Waliofaulu kupita wote ni wale waliofanya upatu mwingine mdogo wa afya ndani ya chama chao, wenzao wakiwaona. Hao waliongeza zaidi ya mara mbili. Sisemi kufuli la mwenzako halifai popote. Huko Ufilipino, utafiti wa mwaka 2006 ulionyesha kwamba akaunti isiyofunguliwa kabla ya wakati iliwasaidia watu wa benki moja kuweka akiba zaidi. Lakini wengi walioonyeshwa akaunti ile waliikataa. Robo hivi ndio waliokubali.

Kwa nini basi sanduku ambalo mwenyewe aweza kulifungua saa yoyote limzuie? Naona ni kwa sababu fedha zilipata jina. Noti iliyo mfukoni ni ya yeyote atakayetangulia kuiomba, na mwombaji wa kwanza ni tumbo. Noti iliyo ndani ya sanduku ni chandarua, ingawa bado haijanunuliwa. Mwenyewe akinyosha mkono anajua anachochukua ni cha nani.

Lakini hapa pana ugumu ambao wenye kufundisha habari za akiba hupenda kuuruka. Wale watu wa Kenya walieleza kwamba sanduku liliwasaidia pia kuwakatalia wengine. Shemeji amekuja, ana shida, nawe unayo 30,000 ndani ya sanduku. Ukisema, "Sina," umesema uongo. Ukisema, "Ninazo, lakini zina kazi yake," umesema kweli, na kwa desturi zetu umemwumiza. Tumelelewa kujua kwamba mali ya mtu mmoja peke yake ni aibu yake. Je, sanduku ni mafunzo ya uchoyo?

Laweza kuwa, tusifichane. Yuko mtu ambaye kila siku ya msiba fedha zake "zina kazi." Lakini mimi naona tofauti kati ya shemeji aliyeleta ugonjwa wa mtoto na shemeji aliyeleta harusi inayohitaji sare ya pili. Kwa yule wa kwanza sanduku na lifunguliwe, na chandarua kingoje. Ndiyo sababu ilikuwa vema ufunguo ukae nyumbani. Yule wa pili anaomba kutoka katika fedha za watoto wanaolala wakiumwa na mbu, ila hajui hivyo kwa kuwa hakuambiwa. Aambiwe. Si rahisi kulisema neno hilo, lakini lina heshima kuliko kumkopesha halafu kumsema kisimani.

Zamani mwenye kutaka kukopa alilazimika kuvaa shati, kutembea, kuketi, kuulizwa habari za nyumbani, ndipo aseme haja yake, na njiani alipata nafasi ya kufikiri. Siku hizi mkopo humfuata mtu kitandani kwa simu. M-Shwari ilipoanza Kenya mwezi Novemba 2012, ada ilikuwa asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Yaonekana ndogo, lakini anayekopa hivyo mwezi baada ya mwezi atakuwa ametoa kwa mwaka asilimia 90 ya kile alichokopa. Na mikopo ile ya mitaani ambayo watu wameiita kausha damu huwa mizito kuliko hiyo. Kwa hiyo mwenye madeni mengi aanze na hayo yanayozaa, hata kama la dukani ni la zamani zaidi.

La dukani halizai, lakini lina mtu. Mwenye kudaiwa hupita njia ya nyuma ili mama wa duka asimwone, na kila anavyozidi kupita huko ndivyo deni linavyozidi kuwa la aibu kuliko la fedha. Naye yule mama kashindwa kununua katoni ya sabuni kwa sababu mtaji wake umelala katika daftari. Tuseme deni ni 60,000. Mdaiwa akaenda mchana akasema, "Mama, nakumbuka deni lako, zote sinazo, nitakuletea 5,000 kila Jumamosi," hapo ile ahadi ya Januari imepata mtu wa kuidai, na yatatosha majuma 12. Kiasi kiwe kidogo cha kweli, wasikubaliane 20,000 za kumfurahisha siku ile moja. Mama na aandike katika daftari mbele yake, wote wawili waone, na Jumamosi ya kwanza apite njia ya mbele.