Piga Magoti Kwanza

Kaa hapo, mjukuu wangu, na hiyo simu iweke chini kidogo. Chai inakuja. Jana nilikusikia ukimweleza mama yako kwamba kile kiwanja cha tenisi cha nyasi mlichopewa kukitunza sasa kinajiangalia chenyewe. Kwamba vihisi mlivyovifukia vinakuletea habari za unyevu mpaka hapa mtaani Tena, nawe unafungulia maji ukiwa kitandani. Nilinyamaza. Siku hizi nachoka upesi, na mtu akichoka huchagua siku ya kusema. Leo nitasema.

Mimi nimetunza nyasi za watu miaka 31. Magoti haya unayoniona nikiyapaka dawa kila usiku yaliishia huko. Sina wivu na mitambo yenu. Laiti ningekuwa na kihisi kimoja tu kati ya hivyo vyako, kuna miaka ya kiangazi nisingemwaga maji kwa kubahatisha kama nilivyofanya.

Hebu utazame ule ukuta wa ploti. Unauona ufa? Februari naingiza kidole. Mvua za masika zikishakolea, Aprili, hata wembe haupiti. Huo ndio udongo wetu, huu mweusi wa Eastlands. Umekua ukiona wajenzi wakiuchimba na kuupakia kwenye malori mpaka wafike kwenye mwamba, ndipo waweke msingi. Ukinywa maji unavimba, ukikauka unajikunja na kupasuka. Na kiwanja chenu kimelala juu ya udongo huo huo.

Sasa kihisi chako kina vijiti viwili vya chuma. Hakiyaoni maji. Kinapitisha umeme mdogo na kupima jinsi kitu kilichokizunguka kinavyouitikia. Wewe umesomea, mimi nilielezwa na fundi mmoja tukiwa tumeketi chini ya mti: kwa kipimo hicho maji ni kama 80, udongo mkavu ni 3 hadi 5, hewa ni 1. Kwa hiyo udongo ukipasuka kando ya kijiti, hewa inaingia, na simu yako inakwambia kiwanja kimekauka, ilhali shubiri moja pembeni kuna unyevu wa kutosha. Unafungulia maji. Maji yanafuata ufa ule ule, yanashuka na kukizunguka kijiti, simu inasema pamelowa chepechepe. Umedanganywa mara mbili kwa asubuhi moja, na mizizi haijapata kitu.

Ulinionyesha pia namba, 25 kwa mia, ukafurahi. Ulifurahia nini, mwanangu? Kwenye mchanga, 25 ni maji tele. Kwenye mfinyanzi mzito kama huu, nyasi zinaweza kuwa zimeshaanza kusinyaa, kwa sababu mfinyanzi unayashika maji kama bahili anavyoshika shilingi. Yamo, lakini mzizi hauwezi kuyavuta. Namba iliyokuja na kifaa kutoka kiwandani ilipimwa kwa udongo wa watu wengine. Wa kwako upime mwenyewe. Chukua bomba fupi la chuma ambalo ujazo wake unaujua, ulipigilie ardhini kando ya kihisi, utoe udongo wote bila kupoteza hata chembe. Upime uzito. Uweke kwenye oveni ya nyuzi 105 saa 24, kisha uupime tena. Uzito uliopungua ndio maji. Ugawanye kwa ujazo wa bomba, ndipo ulinganishe na simu inavyosema. Rudia udongo ukiwa mbichi, ukiwa wa wastani, ukiwa mkavu. Ni kazi ya kuchosha, najua. Ndiyo kazi yenyewe.

Utaniambia Wimbledon wanatumia mitambo. Wanatumia, na naipenda kazi yao. Tangu mwaka 2001 viwanja vyao vinapandwa nyasi za rai peke yake, na wakati wa mashindano zinakatwa zibaki milimita 8. Wanapima unyevu, na ugumu wa ardhi wanaupima kwa nyundo ya Clegg, kitu kizito kinachoangushwa ndani ya bomba kisha kinasomwa kilivyosimamishwa na ardhi. Baden Clegg aliibuni kule Australia kwa ajili ya barabara, wenye viwanja wakaiazima. Lakini angalia jambo hili: nyundo ile inabebwa na mtu. Mtu anatembea kiwanjani, anasimama nyuma ya mstari wa mwisho ambako viatu vimechakaza nyasi, anasimama karibu na wavu, anaandika. Kila namba yao ina nyayo za mtu kando yake.

Tena tenisi ni mchezo mgumu kwa mtunzaji kuliko mpira wa miguu. Mchezaji anataka ardhi kavu, ngumu, ili mpira uruke sawasawa. Nyasi zinataka kunywa. Wewe uko katikati. Ukizidisha maji, mpira unazama na mtu anateleza, anavunjika kifundo. Ukiyanyima, kiwanja kinakufa ligi haijaisha. Angella Okutoyi, msichana wetu aliyelelewa na nyanyake hapa Nairobi, alishinda Wimbledon mwaka 2022, wawili wawili kwa wasichana, pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Alikuwa na miaka 18. Nililia siku ile, sikufichi. Ninapofikiri mtoto wa Eastlands anaweza kukutana na nyasi kwa mara ya kwanza kwenye kiwanja chako, natamani kimkute kikiwa salama.

Halafu kuna maji yenyewe. Jiji hili linagawiwa maji kwa zamu tangu 2017, na wewe mwenyewe umebeba mitungi ukiipandisha hizi ngazi. Fanya hesabu. Kiwanja cha tenisi ndani ya mistari ni mita 23.77 kwa 10.97. Milimita moja ya maji juu yake ni kama lita 260: mitungi 13. Ukifungulia milimita tano kwa sababu kijiti kimoja kimekaa kwenye ufa, umemwaga mitungi 65. Nenda uulize jirani wa chini, anayenunua kila mtungi kwa pesa, mitungi 65 ni siku ngapi kwake.

Na kama ni maji ya kisima kirefu, angalia chumvi. Visima vya Nairobi vingi vina magadi, nayo yanaharibu mfinyanzi polepole na kuvichanganya baadhi ya vihisi.

Acha nikwambie kilichoniuma zaidi, kisha ninyamaze. Nilikuwa na madaftari 19 ofisini, daftari moja kwa mwaka: mvua, maji niliyomwaga, siku niliyokata, kona ipi iliugua Julai mawingu yalipokaa wiki tatu. Ofisi ilipohamishwa pale nilipokuwa nikifanya kazi, yalitupwa pamoja na makaratasi ya zamani. Hakuna aliyeniuliza. Mwaka uliofuata wakaleta kipimo kipya, wakakichomeka kivulini karibu na bomba linalovuja, kikasema pamelowa kila siku, na meneja akakataza maji. Upande wa mbali ulikufa wote. Mimi nilikuwa nimeuona umegeuka rangi, ule ubuluu wa kijivu, na nikikanyaga, nyayo zangu zinabaki pale pale kwa muda mrefu. Nilisema mara moja, nikaambiwa namba ni hiyo. Nikanyamaza. Kosa langu ni kule kunyamaza, na bado linanikosesha usingizi.

Wewe una takwimu za miezi mitatu. Hujaona masika na hicho kihisi, hujaona kiangazi cha Januari. Usizipe bado mamlaka ya kufungulia maji. Zipe kazi ya kukuamsha. Simu ikisema pakavu, amka uende. Tazama umande umekosekana wapi. Kanyaga, hesabu nyasi zinachukua muda gani kuinuka. Chomeka bisibisi ndefu mpaka mpini, kando ya kihisi na mbali nacho. Mkono wako utakwambia inakokwama. Ukipata jibu tofauti na la simu, andika yote mawili, na tarehe.

Daftari la ishirini lilibaki kwangu kwa sababu siku ofisi ilipohamishwa nilikuwa nalo mfukoni. Liko kwenye sanduku chini ya kitanda, kifuniko kimeliwa na mende. Lichukue. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa nimesimama getini, kabla jua halijapanda. Uje na bisibisi, na unitafutie gunia la kupigia magoti.